SIKIO LINALOTOA USAHA: HATARI ZAKE KWA MTU MZIMA

Katika nchi ya Ukambani, kuanzia Mwingi mpaka Mutomo kwa upande wa Kitui, na kuanzia Wote mpaka Kibwezi kwa upande wa Makueni, si ajabu kumkuta mtu mzima mwenye kipande cha pamba sikioni. Akiulizwa, husema kwamba sikio hilo hutoa usaha tangu alipokuwa mtoto, kwamba haliumi, na kwamba amekwisha kulizoea. Hulima shamba lake, huchimba mchanga mtoni, huendesha pikipiki ya abiria, huhudhuria baraza ya chifu, na jambo la pekee linalomwudhi ni harufu, maana watu husogea mbali naye kidogo katika matatu. Kwa hiyo haendi hospitali. Makala haya yanamhusu mtu huyo, pamoja na mke wake, watoto wake na jirani zake. Kwani siku ya hatari ikifika, mara nyingi wao ndio watakaolazimika kuamua, yeye akiwa hawezi tena kusema lo lote la maana.

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa wa masikio ni wa watoto tu. Ni kweli kwamba huanza zaidi utotoni. Mtoto hupata mafua au surua, usaha hujaa nyuma ya kiwambo cha sikio, maumivu huwa makali usiku kucha, kisha kiwambo hutoboka, usaha humwagika na maumivu hutulia. Kwa watoto wengi tundu hilo hujifunga lenyewe. Kwa wengine halifungi, na kila wapatapo mafua au waingizapo maji sikioni, usaha hurudi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo chepesi: usaha ukitoka kupitia tundu la kiwambo kwa majuma mawili au zaidi, ugonjwa huo si wa kupita tena, bali ni wa kudumu. Wengine huupata wakiwa watu wazima, kwa kuchokoa sikio kwa njiti ya kiberiti, au kwa kupigwa kofi la nguvu ambalo hupasua kiwambo. Mwaka 2004 Shirika hilo lilitoa ripoti iliyokadiria kuwa watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoa usaha, na kwamba watu wapatao 28,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo. Hawafi kwa sikio lenyewe. Hufa kwa sababu ya mahali sikio lilipo.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kutazama jinsi sikio lilivyojengwa. Sehemu ya nje ni njia ambayo mtu huingizia kidole. Mwisho wa njia hiyo kuna kiwambo chembamba, ambacho wengi hukiita ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna sikio la kati, nalo ni chumba kidogo chenye hewa, ambacho ukubwa wake ni kama wa harage. Ndani yake mna vifupa vitatu vilivyo vidogo kuliko mifupa mingine yote ya mwili, vinavyopokezana sauti mpaka sikio la ndani. Sikio la ndani ndilo lenye kazi mbili: kusikia, na kumwezesha mtu kusimama bila kuyumba. Tena kuna mfereji mwembamba unaotoka katika chumba hicho na kushuka mpaka nyuma ya pua. Na hiyo ndiyo njia ambayo mafua hupanda nayo.

Wakamba ni wafuga nyuki tangu zamani, na mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti ni kitu cha kawaida katika Kitui. Ye yote aliyewahi kukata sega la asali anaweza kuelewa ule mfupa mgumu unaoguswa nyuma ya sikio. Kwa nje ni mgumu kama jiwe, lakini ndani una vyumba vidogo vidogo vya hewa kama sega, na vyumba hivyo vimeungana na sikio la kati. Usaha ukijaa katika sikio la kati, unaweza kuingia katika sega hilo na kukaa humo miaka mingi. Sasa watazamwe majirani wa chumba hiki. Dari yake ni bamba jembamba la mfupa, na juu ya dari hiyo umelala ubongo. Katika ukuta wake hupita mshipa wa fahamu unaouwezesha uso kucheka na jicho kufumba. Nyuma yake hupita mshipa mkubwa wa damu inayotoka ubongoni. Nyumba yenye majirani wa namna hii si nyumba ya kuachwa iungue polepole.

Mtu husema, "Lakini haliumi." Hapo ndipo penye udanganyifu wote. Maumivu ya sikio hutokana zaidi na usaha unaosukuma kiwambo bila kupata pa kutokea. Tundu likiwapo, usaha hutoka, na maumivu hayapo. Sikio la mtoto linalouma humpeleka mama yake zahanati asubuhi na mapema. Sikio la baba lisilouma humwacha nyumbani miaka ishirini. Kwa hiyo katika mtu mzima, kutokuwa na maumivu si dalili ya kupona. Maumivu yakirudi katika sikio lililokaa kimya miaka mingi, au kichwa kikianza kuuma upande wa sikio hilo, ni ishara kwamba usaha umepata njia nyingine, nayo si njia ya nje.

Iko aina moja ya ugonjwa huu iliyo mbaya kuliko nyingine, nayo madaktari huiita kolesteatoma. Ngozi huota kuelekea ndani kupitia ukingo wa kiwambo, ikajikunja kama kifuko, na kifuko hicho hujaa magamba ya ngozi iliyokufa. Si saratani, lakini hula mfupa kidogo kidogo, kama mchwa walavyo boriti ya nyumba huku rangi ya nje ingali nzuri. Usaha wake huweza kuwa haba sana, hata mgonjwa akadhani kwamba anapata nafuu. Lakini harufu yake ni kali, kama ya kitu kilichooza, na kusikia hupungua. Matone ya dawa hayaondoi kifuko hicho. Dawa yake ni kupasuliwa.

Na uchukuliwe mfano wa mfyatua matofali mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, baba wa watoto wanne. Sikio lake la kushoto limetoa usaha tangu alipokuwa darasa la tatu. Siku moja kichwa kinamwuma, na usiku anatetemeka kwa baridi. Mkewe anampa dawa za malaria zilizonunuliwa dukani, maana katika nyumba nyingi homa yo yote hupewa jina hilo. Siku ya pili anapata nafuu kidogo kwa sababu ya vidonge vya maumivu. Siku ya tatu anatapika bila kula kitu, na akisimama anayumba. Wapita njia wanasema kwamba amekunywa kaluvu tangu asubuhi. Siku ya nne mdomo wake umekwenda upande mmoja na jicho la kushoto halifumbi. Wazee wawili wanasema amerogwa, na kuku anatafutwa. Siku ya tano analala mchana kutwa, akiamshwa hutaja majina yasiyo ya watu wa nyumba ile. Hapo ndipo jirani anapokumbuka kuita gari.

Hakuna hata mmoja katika watu hao aliyekuwa na nia mbaya. Mke alitibu homa, wapita njia waliona mtu anayeyumba, wazee waliona uso uliopinda. Kila mmoja aliona dalili moja, na hakuna aliyekumbuka lile sikio, kwa kuwa lilikuwapo siku zote.

Hospitalini tabibu anauliza, "Mama, mzee huyu amewahi kuugua sikio?" Mke anajibu, "Hapana, daktari. Sikio lake hutoa usaha tu, lakini haliumi." Neno hili "tu" limeharibu mengi. Kama lingesemwa siku ya kwanza, hata bila kuulizwa, lingemfanya tabibu atazame nyuma ya sikio, aangalie uso, ajaribu kuinamisha shingo, na asiridhike na dawa za malaria peke yake. Siku hizi malaria hupimwa kwa tone la damu, na jibu hupatikana katika muda mfupi. Kipimo kikionyesha kwamba malaria haipo, na mgonjwa ana homa na sikio la usaha, basi hapana budi sikio hilo litazamwe kwanza kabla ya kutafuta sababu za mbali.

Dalili za hatari ni nyingi, na kila moja ina maana yake. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hata sikio likasukumwa mbele na kuonekana limesimama, ni dalili kwamba usaha umejaa katika lile sega la mfupa na unatafuta kutoka kupitia ngozi. Wengine huupasua uvimbe huo nyumbani kwa wembe wakidhani ni jipu la kawaida; usaha hutoka, lakini chanzo chake kimebaki ndani ya mfupa. Kizunguzungu kikali, hasa mtu anapolikandamiza sikio, huonyesha kwamba mfupa wa sikio la ndani umetoboka, na mtu huyo anaweza kupoteza kusikia kote kwa upande huo. Uso ukipooza upande wa sikio lenye usaha, mshipa wa fahamu umeguswa. Hilo si jambo la kungojea siku ya soko, maana mshipa ukitibiwa mapema huweza kurudi katika kazi yake, na ukicheleweshwa uso hubaki hivyo.

Homa inayopanda sana na kushuka, pamoja na kutetemeka, huweza kutokana na damu kuganda katika ule mshipa mkubwa ulio nyuma ya sikio. Hii ndiyo inayofanana mno na malaria. Maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kutapika na kuchukia mwanga ni dalili za homa ya uti wa mgongo, yaani vijidudu vimefika katika utando unaofunika ubongo. Ya mwisho, na ya hila kuliko zote, ni jipu la ubongo. Hili halina haraka siku zote. Mgonjwa huweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa, kisha akakaa kama mtu aliyepona, ila ni mzito wa mawazo na husinzia. Baadaye hutapika, hushikwa na degedege, husahau maneno au huyumba. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake, naye ana sikio la usaha, akianguka kwa degedege, asidhaniwe kwamba ameanza kifafa wala kwamba ana pepo. Mtu mmoja huweza kuwa na hatari mbili au tatu kwa pamoja, kama yule mfyatua matofali.

Ugonjwa huu hauchagui maskini. Oscar Wilde, mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza, alizaliwa Dublin katika nchi ya Ayalandi, na baba yake, Sir William Wilde, alikuwa mmoja wa madaktari wakubwa wa masikio wa wakati wake, ambaye kitabu chake juu ya upasuaji wa masikio kilitolewa mwaka 1853. Hata hivyo mtoto wa daktari huyo alikuwa na sikio bovu la kulia kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 1900 alipasuliwa akiwa katika chumba chake cha hoteli mjini Paris, na tarehe 30 Novemba 1900 alikufa, umri wake miaka 46. Madaktari waliomtazama katika siku zake za mwisho waliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeingia katika utando wa ubongo, na kwamba chanzo chake kilikuwa usaha wa zamani wa sikio la kulia. Wakati ule hapakuwa na penisilini, ambayo iligunduliwa mwaka 1928 na kuanza kutumika sana katika miaka ya 1940. Mgonjwa wa Ikutha au Makindu wa leo yu katika hali bora kuliko Wilde, ikiwa atafika hospitali mapema.

Akifika, hutiwa dawa kali za kuua vijidudu kupitia mshipa wa damu. Kichwa chake hupigwa picha kwa mashine maalumu ili ijulikane kama liko jipu, na ikiwa liko, hutolewa usaha. Kisha mfupa wa nyuma ya sikio hufunguliwa na kusafishwa. Safari ya kawaida huanzia zahanati ya karibu, ikaenda katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko mjini Kitui au ile iliyoko Wote, na kazi ikiwa nzito, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Lakini mtu aliyekwisha kupata dalili zilizotajwa hapa asikae katika foleni ya kawaida akingojea zamu yake. Jamaa zake na waseme mara moja mlangoni kwamba ni sikio la usaha lililopanda kichwani.

Wapo wanaohitaji kuangaliwa zaidi kuliko wengine. Mwenye kisukari, au mwenye virusi vya UKIMWI, mwili wake hauna nguvu nyingi ya kuzuia usaha usisambae. Tena kifua kikuu chaweza kuingia katika sikio, na usaha wake hukataa dawa za kawaida. Mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu pamoja na sikio lisilokauka amweleze tabibu yote mawili.

Kwa wale ambao sikio lao lingali linatoa usaha bila dalili za hatari, huu ndio wakati mzuri wa kwenda, maana matibabu yake ni mepesi na bei yake si kitu ikilinganishwa na gharama za upasuaji wa kichwa. Hapa Kenya jambo hili limejaribiwa kwa uangalifu. Mwaka 1996 jarida la madaktari liitwalo Lancet lilichapisha habari za uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule za msingi katika Kiambu. Watoto ambao masikio yao yalikaushwa kwa pamba tu hawakupona zaidi ya wale ambao hawakupewa matibabu maalumu. Katika kila kundi, kiasi cha mmoja kwa watano ndio walioacha kutoa usaha. Lakini wale waliokaushwa na pia kupewa dawa, karibu nusu yao walikauka. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mwingine wa watoto wa shule wa Kenya, uliolinganisha matone ya siprofloksasini na matone ya asidi ya boriki. Baada ya majuma mawili, masikio 59 katika kila 100 yalikauka kwa matone ya kwanza, na 32 katika kila 100 kwa matone ya pili. Uchunguzi huo ulikuwa wa watoto, ila kwa watu wazima pia kukausha na kutia matone ndiyo matibabu ya kwanza. Na kama hesabu hizo zionyeshavyo, wako wengi ambao hawakauki kwa safari ya kwanza. Hao na warudi, wala wasiseme kwamba dawa ya hospitali imeshindwa, kwa kuwa huenda wana ile kolesteatoma.

Kukausha kwenyewe kuna namna yake. Kitambaa safi cha pamba husokotwa kiwe kama utambi wa taa, kikatiwa sikioni polepole, kikaachwa kidogo mpaka kinyonye usaha, kikatolewa na kutupwa, na kingine kikatiwa, mpaka utambi utoke mkavu. Hufanywa hivyo mara tatu kwa siku, na matone hutiwa baada ya hapo, kwani dawa inayotiwa juu ya usaha haifiki mahali pake. Njiti, unyoya wa kuku na kalamu havina kazi sikioni. Vilevile mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maji ya majani yaliyokamuliwa na maziwa ya mama hayaponyi cho chote. Hupita katika tundu na kuingia moja kwa moja katika sikio la kati, pamoja na vijidudu vyake. Hata matone yauzwayo dukani si yote yafaayo, maana yako yanayoweza kudhuru sikio la ndani ikiwa kiwambo kina tundu, na mwenye duka hawezi kuliona tundu hilo.

Sikio likikauka, tundu bado lipo. Baadhi ya matundu huweza kuzibwa na daktari wa masikio kwa kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa mwenyewe kinachotolewa karibu na sikio. Mpaka hapo, mwenye tundu haogelei katika bwawa wala katika mto wakati wa masika, na anapooga huziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini, akaiondoa mara anapokwisha kuoga.